Kamera Aliyoniachia Dubow

Sogeeni karibu, wanangu. Kezia, keti hapa kitandani upande wa miguu yangu, na wewe Joram acha kusimama hapo mlangoni, vuta hicho kigoda uketi, kwa maana sauti yangu haifiki mbali tena na haya nitakayosema sina nguvu za kuyarudia. Mimi baba yenu, Caleb Ochola, niliyefanya kazi ya reli tangu ujana wangu hadi nywele zikaanza kuwa nyeupe, nimeambiwa na daktari kwa upole kwamba kifua hiki hakitapona, na mimi nikamjibu kwa upole vilevile kwamba nimesikia. Siogopi kwenda. Kinachonisumbua ni kwamba nakwenda bila kuelewa jambo moja, na jambo hilo nimelibeba miaka mingi nikilipindua huku na huku, na kila nikilipindua naona upande mwingine, hata sasa sijui upande ulio wa kweli ni upi.

Nianze na yaliyo wazi. Nyumba hii ya Dandora tuliijenga mimi na mama yenu chumba baada ya chumba, tangu siku tulipopewa kiwanja chenye choo na bomba tu na kuambiwa tujikamilishie wenyewe, na ni yenu nyote wawili. Isiuzwe. Joram akae vyumba vya mbele, Kezia vya nyuma pamoja na ua, na wapangaji wa pale kando wasifukuzwe kwa sababu mmoja wenu ameamka na hasira. Shamba la kwetu Ugenya, huko Nyanza, ni la Joram, lakini dada yako akitaka kulima kipande usimkatalie, hata kama ameolewa, hata kama wajomba watasema mengi. Cherehani ya mama yenu ni ya Kezia. Hayo hayana ugumu.

Ugumu ni hiyo kamera.

Mnaijua. Iko ndani ya soksi yangu ya sufu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda hiki nilicholalia. Ni Rollei, kamera ya Kijerumani, ndogo kiasi cha kujificha kiganjani, na pale Makongeni, kwenye nyumba za reli tulikokaa kwanza, watu waliiita kiberiti. Mliiona tangu mkiwa wadogo mkadhani ni yangu kama vile kofia yangu ilivyo yangu. Majuzi nimesikia mkibishana juu yake jikoni, mkidhani nimelala. Joram alitaka iuzwe, Kezia akasema haitauzwa yeye akiwa hai. Ndiyo maana nimewaita leo. Kabla hamjabishana tena mjue kwamba mnabishania kitu ambacho mimi mwenyewe sijui kama nina haki ya kuwarithisha.

Kamera hiyo ilikuwa ya Dubow.

Dubow alikuwa mpiga picha pale Shauri Moyo, nje ya soko la Burma. Alitundika pazia lililochorwa maua na ndege ya abiria, akaweka kiti kimoja cha wateja na stuli moja ya kusimama yeye, kwa sababu alipenda kupiga picha kutoka juu kidogo, akisema watu wakiinua macho wanaonekana wana matumaini. Alikuwa mtu wa huko Garissa, mtaratibu, mwenye kucheka kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa kijana wa reli niliyekwenda kwake na mama yenu Rispa tupigwe picha ya harusi, tukakaa kwenye kiti kile kwa zamu kwa kuwa kilikuwa kimoja, na tangu siku hiyo tukawa marafiki. Wewe Kezia alikupiga picha ukiwa na meno mawili. Idd tulikula kwake, Krismasi alikula kwetu.

Kamera kubwa ya kazi alikuwa nayo, ile ya miguu mitatu. Hii ndogo alipewa na Mjerumani mmoja aliyekuwa akifunga mitambo viwandani, wakati Mjerumani huyo alipokuwa akirudi kwao. Dubow aliipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokitazama dukani miaka mingi. Jumapili mchana, wateja wakipungua, alinipa niishike, akanifundisha. Kamera hii, wanangu, haikuambii kama picha itatoka safi. Ukichungulia kwenye kidirisha chake kila kitu kinaonekana safi, cha karibu na cha mbali, kumbe si hivyo. Ni wewe unayekisia kwa macho mtu yuko umbali gani, unazungusha lenzi mpaka kwenye namba ya umbali huo, na ukikosea utajua baadaye, picha ikishaoshwa. Dubow alikisia bila kukosea. Mimi nilikosea sana. Akaniambia nisiharakishe, nimtazame mtu kwanza, nijue yuko wapi, ndipo niguse kamera.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, kwa maana hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kupotea.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, mwaka wa sabini na tisa kama sikosei, na mama yenu alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Dubow akaja na mfuko begani. Akasema mama yake ni mgonjwa huko nyumbani, basi la Garissa linaondoka na amechelewa. Hakuketi. Alitoa kamera hii mfukoni, ikiwa ndani ya mkoba wake wa ngozi, akatoa na filamu zake ambazo hazijatumika, akaniwekea vyote mikononi na kusema, "Ochola, shika." Halafu akafungua ile kamba ndogo ya ngozi ya kuvalia mkononi, akaichomoa kwenye kamera, akaivaa yeye mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wake. Akampa Rispa mkono, akanipa mimi mkono, akaenda.

Shika. Hilo tu. Neno hilo unamwambia mtu unayempa kitu kiwe chake, na neno hilohilo unamwambia mtu unayemwomba akushikie mpaka urudi. Sikumuuliza. Nani angemuuliza mtu anayekimbilia basi, mama yake ni mgonjwa? Nilidhani nitamuuliza akirudi, na Dubow hakurudi.

Kwa muda mrefu sikuigusa. Niliiweka juu ya kabati, nikipita naitazama. Mama yenu ndiye aliyeniambia kamera hiyo ni yangu, nimepewa, niitumie. Nikamwambia hapana, nimewekeshwa. Akasema mtu anayewekesha hatoi na filamu mpya ambazo angeweza kuzitumia yeye mwenyewe. Nikamjibu kwamba mtu anayetoa zawadi hachomoi kamba yake akaenda nayo. Tulibishana hivyo miaka yote iliyofuata, si kwa ugomvi, bali kama watu wanaoujaribu mlango uliofungwa, leo anausukuma huyu, kesho yule. Hata kitandani, taa ikishazimwa, aliweza kuniambia ghafla, "Lakini filamu, Caleb," na mimi nikajua anachozungumzia.

Mwisho nikaitumia. Mtoto wa jirani alikuwa anabatizwa, na mpiga picha waliyemwita hakutokea, mama wa mtoto akawa analia mlangoni kwetu. Nikachukua filamu moja ya Dubow. Picha nusu zilitoka na ukungu, nusu zilitoka nzuri, na mama yule akazibusu zote. Baada ya hapo watu hawakuniacha. Mnakumbuka ilivyokuwa, taa yake ya kumulika inafungwa chini badala ya juu, basi ndani ya nyumba nilikuwa naigeuza kichwa chini ndipo nipige, na watoto wa mtaa walikuwa wakiinamisha vichwa vyao nao. Sare zenu za shule zilitoka ndani ya kamera hiyo, mshahara wa reli haukufika huko. Kila niliporudi nyumbani Jumapili jioni niliipangusa kwa kitambaa safi, nikasema moyoni, Dubow, ni nzima.

Kisha nikastaafu. Nyumba ya Makongeni ilikuwa ya reli, mkistaafu mnatoka. Tukahamia hapa Dandora, nyumba ikiwa na chumba kimoja na paa nusu. Kabla ya kutoka Makongeni niliwaambia majirani wa pande zote mbili, lakini nao walikuwa watu wa reli, wakati wowote wangeweza kuhamishiwa Kisumu au Mombasa, na kweli walihamishwa. Kwa hiyo nikachukua chaki nikaandika juu ya mlango kwa herufi kubwa kwamba Ochola amehamia Dandora, na nikaandika na namba ya kiwanja. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Dubow. Hakuna mwingine niliyekuwa nikimngoja.

Aliyeingia nyumba ile baada yetu ni Matheka. Mnamjua, mzee wa Machakos, alikuwa fundi wa mabehewa. Matheka alikuwa mtu wa usafi, na juma lile lile alipoingia aliupaka mlango rangi ya kijani.

Nipe maji kidogo, Kezia. Asante. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, mlango.

Mimi sikujua habari za rangi hiyo. Nilikutana na Matheka miaka kadhaa baadaye kwenye mazishi ya mwenzetu mmoja, tukaketi pamoja, tukazungumza juu ya kazi, na katikati ya mazungumzo akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya mvua, kwamba alipoingia tu nyumba ile kuna mtu alikuja kuniulizia. Nikamuuliza mtu gani. Akasema hamjui, alikuwa na vumbi la safari, alisimama mlangoni akauliza Ochola yuko wapi, na Matheka akamwambia Ochola amestaafu, labda amerudi kwao Nyanza. Mtu yule akashukuru akaenda. Nikauliza alifananaje. Akasema alikuwa mfupi, mwembamba, kama watu wa kaskazini.

Mfupi. Niliposikia hivyo nilishusha pumzi, kwa sababu Dubow alikuwa mrefu. Nilimkumbuka vizuri, kichwa chake kikiwa juu yangu na lile pazia la ndege nyuma yangu. Nikasema moyoni huyo si yeye, huenda ni mtu wa bima, huenda ni mtu aliyetaka picha. Lakini moyo haukutulia, nikamuuliza Matheka juu ya maandishi ya mlangoni, naye akashangaa, akasema aliona michoro ya chaki akadhani ni watoto.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama yenu. Alikuwa akishona. Alisimamisha mguu kwenye cherehani, akasema, "Caleb, Dubow hakuwa mrefu. Alikuwa anasimama kwenye stuli."

Wanangu, nilikasirika. Nilimwambia mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake. Akasema, "Ndiyo, na mimi ndiye niliyeshona suruali yake, nikaikata miguu." Niliondoka nikatembea hadi kule kwenye jalala, nikasimama huku moshi wa taka ukiniingia machoni, nikajaribu kumwona Dubow akiwa chini, akitembea barabarani, akinipa mkono siku ile ya mwisho. Sikuweza kumwona. Nilimwona juu ya stuli tu. Nilitembea na mtu yule Jogoo Road yote, tukala sahani moja, na sijui kama nilikuwa nainamisha shingo kumtazama au kuiinua. Hadi leo sijui. Siku nyingine nikiamka asubuhi nina hakika alikuwa mrefu. Ikifika jioni hakika hiyo imekwisha.

Nilimchukia Matheka. Sikumwambia, lakini niliacha kumsalimia, nikimwona mjini navuka barabara. Nililiona jina langu chini ya rangi yake ya kijani kila nilipofumba macho. Nilichukia na suruali aliyoishona mama yenu. Halafu mama yenu akafa, mnajua alivyokufa, kwa haraka, asubuhi yupo sokoni na jioni hayupo, na mtu pekee aliyeweza kubishana nami juu ya Dubow akawa ameondoka. Picha yake ile akicheka huku amefunika mdomo, iliyo pale ukutani, niliipiga na kamera hiyohiyo. Sikukisia umbali wake. Niliujua.

Mwaka uliofuata, mtu akabisha hodi. Nikafungua nikamkuta Matheka, amechoka, kofia mkononi, na nyuma yake msichana aliyejifunika kichwa kwa shela la bluu. Matheka akasema msichana huyu alikwenda Makongeni kumuulizia Ochola wa reli, na safari hii yeye Matheka hakumwambia aende Nyanza. Aliuliza ofisi ya reli, akaulizia watu wa kanisa letu, akazunguka naye Dandora kutoka asubuhi, mtaa kwa mtaa. Mtu niliyemchukia ndiye huyo mlangoni pangu. Nikamkaribisha chai.

Msichana ni Shamsa. Mmekutana naye, lakini hamkuwahi kujua vizuri ni nani, mlidhani ni mteja wa picha tu. Huyo ni mtoto wa Dubow. Nilimuuliza ana alama gani, maana dunia ina watu wengi, naye akasema hakumbuki mengi kwa kuwa alikuwa mdogo, ila anakumbuka kamba ya ngozi kwenye mkono wa baba yake, alikuwa akiichezea akiwa amebebwa. Nikaketi chini.

Aliniambia kwamba baba yake alifika nyumbani, akamwuguza mama yake mpaka akapona, mvua za miaka kadhaa zikanyesha zikaisha, kisha akaondoka kurudi Nairobi. Tangu hapo hawakumwona. Miaka ile njia ya kule ilikuwa na mambo yake, watu walisimamishwa, wengine walifika na wengine hawakufika, na kila mtu aliyeulizwa alisema amemwona mahali tofauti. Kwa hiyo nyumbani waliamini yuko Nairobi, amepata shida au amepata mke. Shamsa alipokuja kuuza vitambaa hapa Eastleigh kwa shangazi yake, alikuja akimtafuta baba yake, na jina alilokuwa nalo ni langu. Nikamuuliza baba yake alisema anarudi kufanya nini. Akasema yeye hakusikia kwa masikio yake, ila bibi yake, mama wa Dubow, alimwambia baba ameenda kwa Ochola wa kamera.

Ochola wa kamera. Mnasikia? Naweza kuwa Ochola mwenye kamera. Naweza kuwa Ochola aliye na kamera ya mtu. Nilimwomba Shamsa aniambie maneno yenyewe ya bibi kwa lugha yao, akayasema, nayo yakawa vilevile, yanaweza kwenda huku na huku. Nilicheka, naye akanitazama kama mtu aliyepatwa na wazimu.

Kisha yeye ndiye aliyeniuliza. Hakuuliza kamera. Aliuliza kama nina picha ya baba yake. Mtu aliyepiga picha mtaa mzima, wanangu, hakuna aliyempiga yeye. Nilitafuta katika filamu zote, nikatazama kila kipande kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna. Nilikuwa na kamera yake miaka yote na sina uso wake. Basi akasema, "Niambie tu, mzee. Alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mrefu?"

Matheka alikuwa ameketi pale na kikombe chake. Alinitazama, nami nikamtazama. Kama nikisema mrefu, basi mtu wa mlangoni hakuwa Dubow, na Dubow alipotelea njiani, jangwani, mbali na mimi. Kama nikisema mfupi, basi Dubow alifika hadi mlangoni pangu, akaambiwa nimerudi Nyanza, akaingia katika jiji hili bila kazi na bila rafiki, akapotea umbali wa safari moja ya basi kutoka hapa nilipokuwa nikiipangusa kamera yake. Nikamrudishia swali. Nikasema, wewe je, unamkumbuka akiwa mrefu? Akasema, "Mrefu sana. Lakini mimi nilikuwa mtoto."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Nikamweleza juu ya stuli. Nilidhani atakasirika. Alitikisa kichwa taratibu, akatabasamu kidogo juu ya hiyo stuli, maana hilo hakuwa amelijua. Nikamletea kamera nikamwambia hii hapa, ichukue. Akairudisha mikono yake chini ya shela. Alisema akiichukua itakuwa kama amemzika, kwa kuwa kama baba yake yuko hai mahali fulani basi ana kitu cha kurudia, na kitu hicho kiko hapa. Nikairudisha kwenye soksi.

Ndipo akaja Kimeu. Joram, wewe ndiye uliyemleta, na sikulaumu. Ni mfanyabiashara, ananunua kamera kuukuu kuwapelekea wazungu wanaozikusanya, na aliposoma chini yake kwamba imetengenezwa Ujerumani kwenyewe, si zile za baadaye zilizotengenezwa Singapore, macho yake yalibadilika. Alinieleza kuna watu huko Ulaya wanaziweka kwenye kabati za kioo, hawapigi picha nazo, wanazitazama tu. Jambo hilo nalo lilinichanganya. Nilifikiri, kumbe na mimi ni mmoja wao. Wewe ukaniambia, "Buda, hii kitu imelala tu hapo chini, si tuuze?" Nilinyamaza ukadhani nimekubali. Sikuwa nimekubali. Nilikuwa sijui nianzie wapi kukueleza.

Joram, usiinamishe uso. Ungejua haya usingesema hivyo.

Sasa ni hivi. Wiki iliyopita, Kezia alipokuwa sokoni, Shamsa alikuja. Alikuwa ametoka kwao. Bibi yake ni mzee sana sasa, na alimwita akamwambia kwamba ukoo umekaa, umekubaliana, wamemsomea Dubow dua ya marehemu, wamechinja, wamekula, wamelia. Bibi alisema inatosha. Shamsa aliketi hapo ulipo, Kezia. Nikamwambia na mimi niko njiani, na kabla sijaenda naomba jambo moja kwake, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumuuliza. Nilimuuliza, "Baba yako alinipa, au aliniwekesha?"

Akasema, "Mimi sijui, mzee. Lakini wewe hukuiuza."

Nililia, wanangu. Sikupata jibu, na bado nililia kama mtu aliyepata. Akasema sasa ataichukua, siyo kwa kumngoja, bali kwa kuwa ni kitu cha baba yake, na anataka kujifunza kukitumia. Nikamwambia asubiri kidogo, watoto wangu lazima wajue kwanza, isije ikaonekana imeondoka kwa siri. Akakubali. Atakuja Jumapili hii, mchana.

Mlango huo, fungueni kidogo, nipate hewa. Hivyo. Inatosha.

Basi maagizo yangu ni haya. Kama nitakuwapo Jumapili, nitampa kwa mkono wangu. Kama sitakuwapo, Joram, utampa wewe. Wewe, si Kezia. Umwonyeshe lenzi inavyorudi ndani, maana watu wengi wameziharibu hapo. Asisukume. Avute kwanza kile kishikio cha kusogezea filamu kwa kidole gumba cha kushoto, ndipo abonyeze kale kadude ka juu, azungushe, halafu isukumwe taratibu. Akilazimisha itavunjika. Umwambie amtazame mtu kwanza, ajue yuko wapi, ndipo aiguse.

Koti langu la reli mpelekeeni Matheka. Alitembea Dandora yote siku ile, na sikumwambia asante, nilimpa chai tu. Mmwambie nimesema asante. Chuki ile ilikuwa yangu, msiirithi, wala sijui kama ilikuwa na haki, pengine alimfukuza mtu wa bima tu.

Na ninyi wawili, mkihama mahali, msiandike ukutani. Mwambieni mtu. Mwambieni watu wengi, mwambieni mwenye duka, mwambieni mwenye kibanda cha maji, na yule atakayeingia nyumba yenu mngojeeni mumpe mkono mumwambie jina la mtu mnayemtazamia. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika katika mambo haya yote. Mengine sijui. Nilidhani mtu akizeeka anaelewa. Mimi nimezeeka na... ngojeni... nipumue.

Kezia, usilie hivyo, unamchanganya ndugu yako.

Mungu wa mama yenu awatangulie. Awape nyumba isiyohitaji kufungwa mchana. Awape rafiki mmoja wa kweli kila mmoja, na awape muda wa kumuuliza maswali kabla basi halijaondoka. Mkono wangu uwe juu ya vichwa vyenu... uko wapi mkono wangu... huu hapa. Joram, leta kichwa. Na wewe. Hivyo.

Nizikeni Ugenya kando ya Rispa. Shamsa akitaka kuja, apate nafasi ndani ya gari pamoja nanyi, si kwenye basi la watu wa kanisa. Akae nanyi mbele. Wajomba wakiuliza huyu ni nani, mmoja wenu ajibu, msimwachie ajibu mwenyewe.

Nimechoka sasa. Nilazeni upande wa ukuta... polepole. Jumapili mfagie ua. Mpike pilau, mama yenu alijua kuipika, Kezia, jaribu. Akibisha msimfungulie kama mgeni... msimuulize anamtaka nani... mwiteni dada... mwambieni aingie.